Kipuri Kisichoingia Kwenye Gari Langu

Chini ya kiti cha shofa, katika Land Cruiser ya kanisa ninayoiendesha kati ya Kolwezi na Musumba, kusini mwa Kongo, kuna kopo la biskuti lililofungwa kwa ukanda wa mpira. Ndani mna obusi za valvu, yaani vile vijisindano vya shaba vinavyokaa ndani ya mdomo wa valvu na kuzuia upepo usitoke. Mna kifungua-obusi, kipande cha sabuni, vifuniko vya chuma, valvu nzima mbili tatu zenye nati za kukaza, na kipima upepo ambacho kioo chake kimepasuka lakini hakisemi uongo. Kopo lote unalibeba kwa vidole viwili. Bei ya obusi moja haifiki bei ya chupa ya bia ya Simba, bei ambayo sisi Wametodisti tunaijua kwa kusikia tu.

Nilifanya kazi karakana ya mgodi ujanani, kabla ya kushika usukani wa kanisa, kwa hiyo kwangu kopo hili halikuwa na la kujadili. Aliyeligeuza kuwa suala la dini ni mchungaji wetu kijana. Tulikuwa kwenye mchanga, kaskazini ya Kasaji, mimi nimechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, yeye amesimama kwenye kivuli cha gari na viatu vyake vyeupe. Akalitazama kopo, akanitazama mimi. "Papa," akasema, "kila ukipanda mimbarani unatuambia Bwana anatutangulia njiani. Mbona chini ya kiti umemwekea msaidizi?"

Swali zuri, na wengi mkoani Lualaba wanalo moyoni hata kama hawalitamki hivyo. Kuna magari yanayotoka Kolwezi yameandikwa kioo kizima cha nyuma kwamba Mungu yu ndani, na ndani hamna hata krik, yaani jeki. Kuna mengine yamefungiwa matairi mawili juu, kompresa, minyororo na taa za kumulika hadi Angola, na mwenye nayo husali tu mshahara ukichelewa. Mchungaji alitaka kujua mimi niko upande gani. Nadhani swali lenyewe lilikosea njia panda, ila nitafika huko polepole, maana bila kuijua njia ile na kijisindano kile mtu ataona tunabishana bure.

Toka Kolwezi hadi Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo la Kapanga, ni zaidi ya kilomita 500 za barabara. Unapita Mutshatsha, unafika Kasaji ukiwa bado jirani na reli ile ya kwenda Dilolo na kuvuka Angola mpaka bandari ya Lobito, iliyounganishwa mwaka 1931. Kasaji unaiacha reli, unageuka kaskazini kwenda Sandoa, na udongo mwekundu mgumu wa nchi ya shaba unabaki nyuma. Mbele ni mchanga. Wataalamu wa miamba wanauita mchanga wa Kalahari, ulioletwa na upepo zamani za kale ukazifunika nyanda za juu kutoka kusini mpaka kwetu. Mimi najua tu kwamba kiangazi unameza gurudumu mpaka ekseli.

Dawa yake inajulikana: punguza upepo. Tairi lililokuwa na bari 3 unalishusha mpaka 1.5, linatanuka, linakanyaga kwa upana, gari linapita juu badala ya kuchimba. Lakini hapo ndipo valvu inapojaribiwa. Mwenye haraka hakai akibonyeza sindano kwa ncha ya msumari, tairi moja baada ya jingine. Anaifungua obusi nzima. Ikifika uzi wa mwisho, upepo unaifyatua mkononi, inaangukia mchangani, na mtu mzima anaanza kutambaa kwa magoti saa nane mchana akichuja mchanga kwa vidole. Hata mwenye subira hayuko salama: chembe moja ikikaa kwenye kiti cha obusi, upepo unavuja usiku kucha. Na akifika udongo mgumu akasahau kujaza tena, tairi legevu linateleza juu ya rimu, linaivuta shambre, yaani mpira wa ndani, na valvu inaanza kuinama ndani ya tundu lake, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka inang'oka shingoni. Ukiona valvu imeinama usiongeze upepo. Toa shambre uiweke sawa. Ushauri huo sitozi kitu.

Siku moja karakanani niliikata obusi kwa msumeno ili nione inavyofanya kazi. Ndani kuna kijiti, springi nyembamba, na pete ya mpira. Nilidhani springi ndiyo inayofunga. Inasaidia, lakini kinachofunga kweli ni upepo wenyewe: unavyosukuma kutaka kutoka, ndivyo unavyokikandamiza kizibo kwenye kiti chake. Tairi likijaa zaidi, mlango unafungika zaidi. Niliwahi kutoa mahubiri juu ya hilo, na kwa kuwa mahubiri yenyewe hayakuwa mazuri, naliacha hapo.

Mchungaji alikuwa amejiandaa. Katika Luka, alisema, mitume walipotumwa mara ya kwanza walikatazwa mkoba, mkate, fedha, hata kanzu ya pili. Nikamwambia afungue Luka huyo huyo, sura ya 22, usiku wa mwisho. Bwana anawauliza kama siku zile walipungukiwa na kitu, wanajibu hapana, naye anawaambia sasa mwenye mfuko auchukue. Aliyesema ni yule yule, waliosikia ni wale wale, ila njia imebadilika. Mara ya kwanza walikuwa wanapita vijiji vya watu wao, nyumba kwa nyumba, ambako mgeni hulala na kula. Mara ya pili askari walikuwa tayari njiani.

Hata hivyo maandiko ninayoyategemea zaidi katika jambo hili ni ya mana. Aliyejiwekea akiba mpaka asubuhi aliikuta ina funza na inanuka. Isipokuwa siku ya sita: siku hiyo waliamriwa kukusanya maradufu, na iliyolala haikuoza. Tendo ni lile lile na chungu ni kile kile; siku ya tatu ni ukosefu wa imani, siku ya sita ni utii, na waliotoka siku ya saba kwenda kutafuta walirudi mikono mitupu wakakemewa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama akiba ni imani au ni woga, mimi namuuliza: leo siku gani? Kolwezi mjini, ambako kwado wa kuziba pancha yuko kila kona na jenereta yake inanguruma, kopo langu lina funza. Ukishavuka Kasaji, ni siku ya sita.

Mchungaji alilipokea hilo kama mtu anayepokea chenji pungufu: hakukataa, ila aliendelea kulihesabu. Na kweli lilikuwa pungufu, ingawa mimi ndiye niliyelitoa.

Niliona upungufu wake kwa kwado wangu mwenyewe, kule Manika, Kolwezi. Ni Mwislamu, babu yake alitoka Kasongo, Maniema. Nilimpelekea swali la mchungaji nikijua ataniunga mkono, na aliniunga. Akanikumbusha yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kufungwa na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee. Habari hii kila Mswahili anaijua, Kigoma mpaka Lamu, na mwenye kuitumia hushinda mabishano mara moja. Nilirudi nyumbani nimeshinda. Usiku ikaanza kunisumbua. Yule ngamia ni wa nani? Ni wake. Kamba ni yake, ngamia ni wake, na hasara ingekuwa yake. Habari inanijibu kama nina ruhusa ya kujilinda. Aliyekaa kando ya njia bila kamba wala ngamia haimtaji, wala sikumuuliza kwado juu yake.

Tangu utoto wanawali kumi wa Injili wananikera kwa sababu hiyo hiyo. Watano walibeba mafuta ya akiba, watano hawakubeba. Taa zilipoanza kufifia, wenye busara wakakataa kuwagawia wenzao, wakawatuma dukani usiku wa manane. Duka gani? Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alisema busara ni busara. Sikuridhika, na sasa ninapoendesha njia hii siridhiki zaidi. Shofa atakayemwambia mwenzake aliyekwama kwenye mchanga wa Kapanga, "nenda ukanunue," jina lake litafika Musumba kabla ya gari lake. Atasalimiwa kwa adabu zote, maana Walunda wana adabu, lakini siku gari lake litakapozama watu watakuwa shambani.

Wafafanuzi wana jibu, na ni jibu lenye uzito: mafuta yale si mafuta. Ni kitu ambacho huwezi kumwazima mtu hata ukitaka, yaani moyo ulio macho. Jibu hilo nililisoma zamani. Nililielewa siku tuliyomkuta wewa mmoja kabla ya Sandoa, mmoja wa vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki.

Pikipiki ilikuwa imelala ubavuni, mifuko miwili ya unga wa muhogo imeshushwa, na abiria wake, mama mwenye kilemba cha manjano, amekaa juu ya mfuko mmoja akinyamaza kwa ukali. Kijana alikuwa anachonga njiti ya kiberiti ili aipachike kwenye mdomo wa valvu. Nikaitoa obusi yake nikaiangalia juani: pete ya mpira imekatika nusu. Nikampa mpya, nikaikaza kwa vidole, kisha kidogo kwa kifungua-obusi, si kwa nguvu, maana uzi wa shaba ni laini na haupendi ujeuri. Tukapiga pampu kwa zamu. Nikamwambia: tema mate kidoleni, paka mdomo wa valvu, kisha ngoja, ikitoa povu, bado inavuja. Akacheka. "Papa, imejaa, ninaiona." Nikasema ngoja. Hakungoja, alikuwa ameanza kupakia unga. Kifuniko cha chuma nilichompa akakitia mfukoni kwa sababu, alisema, kwenye valvu kitaibwa. Wakati sisi tunabishana, mama mwenye kilemba aliinuka, akainama kwenye gurudumu, akatema mate kidoleni, akapaka, akangoja. Aliangalia pale kwa muda ambao mtu huangalia maziwa yaliyo karibu kuchemka. Hakukutoka povu. "Iko muzuri," akasema, akapanda.

Obusi niliweza kumpa yule kijana. Kungoja kule sikuweza kumpa, na mama hakukuhitaji kwangu, alikuja nako. Basi nikakubaliana na wafafanuzi: wanawali wenye busara hawakuwa wachoyo, walikuwa wanasema ukweli kuhusu kitu kisichogawika. Lakini tazama tunavyolitumia neno hilo makanisani na hata mitaani. Mtu ana ghala la vitu vinavyogawika kabisa, dawa, mbegu, fedha, shambre, na anakuja na wanawali watano wa kumlindia mlango.

Musumba kwenyewe watu wana habari yao juu ya kuazima, na mzee mmoja wa baraza alinisimulia alipoona nawapa obusi vijana wa pikipiki karibu na soko. Alinisimulia kama vile sijawahi kuisikia, na mimi nikasikiliza kama vile sijawahi, maana ndivyo inavyofanyika. Nkond alikuwa mkubwa wa Walunda wa bonde la Nkalany. Wanawe Chinguli na Chiniama walimdharau na kumpiga, hivyo akawanyima rukan, ile bangili ya ufalme inayosemwa kuwa imetengenezwa kwa mishipa ya binadamu, akampa binti yake Ruwej. Ruwej akaolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba. Ikafika siku zake za kujitenga kama desturi ya wanawake ilivyotaka. Haikufaa aivae rukan siku hizo, akamvika mumewe amshikie. Haikurudi mkononi mwake. Ndugu zake wakaondoka na watu wao kwenda magharibi, kwa hasira ambayo wajukuu zao huko Angola bado wanaisimulia.

"Ukimwazima mtu kitu kidogo," mzee akasema, "angalia kisije kikawa kikubwa mkononi mwake."

Mimi naisoma habari hiyo kinyume chake. Katika kuazima kule ndiko ulikotoka ukoo wa Mwant Yav, na dola iliyofika mto Kwango upande mmoja na Luapula kwa mtawala Kazembe upande mwingine. Rukan ingebaki pale pale, Walunda wangebaki watu wa bonde moja. Hao ni watu ambao zamani kila mfalme mpya alijenga musumba mpya, yaani makao yake, mahali papya, kwa hiyo walijua vizuri nini cha kubeba na nini cha kuacha. Nilimwambia mzee hivyo. Akanijibu kwamba mimi ni shofa, si mwanahistoria, kisha akaomba obusi mbili za pikipiki ya mjukuu wake.

Sasa Msamaria. Kila mwaka tunahubiri huruma yake. Sijasikia mtu akihubiri mzigo wake. Alimwosha majeruhi vidonda kwa mafuta na divai. Alivipata wapi, pale kwenye mteremko wa Yeriko, wanyang'anyi wametoka tu? Alikuwa amevibeba. Alikuwa na mnyama wa kumpandisha majeruhi, alikuwa na dinari mbili za kumwachia mwenye nyumba ya wageni. Kuhani na Mlawi tumewahukumu kuwa na mioyo ya mawe, na huenda ndivyo. Lakini nimekaa barabarani vya kutosha kujua jambo jingine: asiye na kitu mkobani hupita upesi kuliko hata mwenye roho mbaya. Anaona mtu amekwama, anajua akisimama atabaki kusema pole na kukuna kichwa, na aibu hiyo inaukaza mguu kwenye mafuta. Mwenye kopo anasimama kwa urahisi. Huruma yake haijazidi ya mwenzake. Ana la kufanya mikononi, basi. Ndiyo maana naona maandalizi ni sehemu ya huruma yenyewe, inayofanyika Kolwezi asubuhi, mbele ya duka, kabla ya kujua ni nani atakayeihitaji.

Yule mwanasheria aliyesababisha habari ya Msamaria aliuliza: jirani yangu ni nani? Kwa upande wa valvu swali hilo lina jibu la kiufundi, na nalipenda. August Schrader, Mjerumani aliyehamia New York, alipata hataza ya valvu yake mwaka 1893, na tangu siku zile uzi wa obusi umekuwa ule ule. Obusi inayotoka kwenye pikipiki ya wewa inaingia kwenye Land Cruiser yangu, na ya Land Cruiser inaingia kwenye lori linalopeleka shaba mpakani Kasumbalesa. Kiwanda ni kingine, nchi ni nyingine, obusi yenyewe imetengenezwa kwa shaba ambayo labda ilichimbwa hapa hapa kwetu ikazunguka dunia, inaingia. Jirani yangu ni yule ambaye obusi yangu inamwingia.

Jibu hilo lilinitosha mpaka lilipokataa kufanya kazi, na lilikataa pande mbili. Upande wa juu ni yale malori makubwa ya ndani ya machimbo, ambayo tairi lake linampita mtu urefu. Mengi yana valvu za tundu pana, obusi yangu ingepwaya ndani yake. Hayo hayanisumbui, hayatoki shimoni na yana karakana yake. Upande wa chini ni baiskeli.

Sizungumzii baiskeli za kupanda. Nasema zile za kusukuma, ambazo wanaume wanazipakia madumu ya mafuta ya mawese au mifuko ya mahindi mpaka baiskeli yenyewe haionekani, wakafunga fimbo kwenye usukani ili waweze kuiongoza, wakatembea nayo siku kwa siku kati ya Kapanga na Sandoa. Nyingi zina valvu ya kizamani isiyo na obusi: kijiti chenye tundu dogo ubavuni, kimevishwa kampira kembamba kama bua la nyasi, na kampira hako ndiko kanakofunga na kufungua. Joto likikaozesha, kanapasuka. Mwanamume mmoja alitusimamisha akiwa ameshika kijiti hicho mkononi. Alikuwa amekizungushia ukanda wa mfuko wa plastiki, na plastiki ilikuwa inapuliza. "Papa, uko na kampira?" Nikafungua kopo. Nilikuwa na obusi za kutosha magari ya kijiji kizima, valvu, nati, vifuniko vinavyong'aa, na hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye baiskeli yake. Alichungulia ndani ya kopo kwa heshima, kama mtu anavyochungulia sebule ya tajiri, akashukuru, akaanza kusukuma. Mchungaji hakusema neno mpaka Sandoa, na kwake hilo si jambo dogo.

Mpira wenyewe una mambo yake katika nchi hii. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, na kufumba na kufumbua dunia ikawa inataka mpira. Dola Huru ya Kongo ya Leopold, kati ya 1885 na 1908, iliutoa kwa viboko, mateka na mikono iliyokatwa. Kwetu upande wa Walunda ulipita kwa mlango mwingine: Wachokwe walijipatia nguvu na bunduki kwa biashara ya pembe, nta na mpira, na miaka ya 1880 wakaivamia musumba na kuiteka nyara, mpaka wakuu wa Walunda, Mushid na nduguye Kawel, walipowarudisha nyuma mwishoni mwa karne. Mpira ulifika Musumba kabla ya gurudumu. Leo mwanamume wa Kapanga hana kipande cha urefu wa kidole cha kuvisha kijiti chake. Simlaumu Dunlop, alikuwa anamtengenezea mtoto wake baiskeli ya magurudumu matatu. Nasema tu kwamba katika nchi hii ukimgawia mtu mpira, usijione mfadhili.

Niliporudi Kolwezi nilinunua kampira hako sokoni. Wanakakata kwa urefu unaotaka, na fedha iliyotoka mfukoni singeikumbuka kama si habari hii. Sasa kamekunjwa ndani ya kopo, juu ya obusi, pamoja na wembe. Gari langu halikahitaji. Hakuna siku ambayo gari langu litakahitaji. Na hapo ndipo nilipopata jibu la mchungaji. Kama kopo la mtu ni woga au ni imani huwezi kujua kwa kuhesabu vilivyomo, wala kwa kumsikiliza akisali. Lifungue utafute kipuri kisichoingia kwenye gari lake. Kama hakimo, kopo linaweza kuwa busara, linaweza kuwa utii wa siku ya sita, na simhukumu. Lakini bado ni habari ya ngamia wake. Kikiwemo, basi alipokuwa dukani alimfikiria mtu ambaye hajamwona.

Mchungaji alilikubali jibu hilo kwa dakika kama tano. Tulikuwa tumekaa nyuma ya hospitali ya misheni tunangoja masanduku ya dawa yashushwe. Kisha akasema, "Papa, hapo umejitengenezea shahada. Unafungua kopo, unakaona kampira, unajua wewe si mwoga. Mkono wako wa kushoto unajua yote ya mkono wa kulia." Nikamwambia mwenye baiskeli hajali mikono yangu inajua nini. Akasema hilo ni kweli kwa mwenye baiskeli, ila yeye alitumwa kuchunga roho yangu, si baiskeli. Halafu akaongeza jambo lililonikaa. Labda, alisema, mitume walinyimwa mkoba ili wawe wahitaji. Asiye na kitu ndiye anayempa mwingine nafasi ya kuwa Msamaria. Mimi na kopo langu tumejitoa kwenye nafasi hiyo: siku zote mimi ndiye ninayesimama, sijawahi kusimamiwa, na mtu anaweza kuzeeka barabarani bila kujua kupokea.

Hoja hiyo sijaipatia jibu linaloniridhisha. Nilimwambia tu kwamba kwenye mchanga wa Sandoa, mwezi wa nane, Msamaria anaweza kuchukua siku mbili kufika, na mgonjwa anayengoja dawa hizi hakuulizwa kama anataka kuwa sehemu ya malezi ya roho yangu. Akakubali kwamba dawa ni jambo jingine. Kisha akasema kila gari hubeba kitu cha mtu fulani, kwa hiyo tumerudi tulipoanza. Safari ijayo amesema atakuja na Agano Jipya la Kigiriki. Mimi nimeongeza sabuni na shambre moja ya pikipiki, na nimemwomba avae viatu vyeusi.